Ukoo wa Farasi Duncan

Papa yangu mupenzi,

Kwanza keti muzuri, halafu umwambie kaka Deo asome polepole, maana safari hii niko na mambo mengi. Goti lako linaendelea namna gani? Ile dawa ya kupaka yenye nilituma, unaipaka kweli ao umeificha unangojea ugonjwa mukubwa zaidi? Na Mama, maharagi yake ya shamba la juu yameota? Sisi huku Australia tuko wazima, Mungu anatuchunga. Baridi inatupiga, lakini hata kwetu Masisi asubuhi moshi inatoka mu kinywa, kwa hiyo mimi si mugeni wa baridi. Mume wangu Innocent njo analia kila siku. Kwao Buleusa joto ya pori ilimuzoeza vibaya.

Barua hii inakuja kwa mukono wa mama mumoja wa kanisa letu yenye anasafiri Goma. Ataiacha kwa dada Riziki kule Bweremana, na Riziki ataipandisha mupaka kwenu siku atapata njia. Ningeweza kupiga simu, lakini mara ya mwisho rezo ilikata mara nne, na jambo hili sitaki likatwe katikati.

Papa, niliacha kazi ya kusafisha nyumba za watu. Sasa ninachunga farasi.

Si zile farasi ndogo zenye tulikuwa tunaona kule zinabeba mizigo. Hizi zinaitwa Clydesdale. Wazungu walizitoa inchi ya Ecosse, kule Ulaya, kwa meli, zamani za ukoloni, ili zivute plau za kulima na magari ya ngano huku. Duncan, farasi dume wetu, hata akiinamisha kichwa, mugongo wake unapita kichwa cha Innocent. Kwato yake moja ni kama sahani ya kulia. Miguu yake iko na manyoya meupe marefu toka goti mupaka chini, utasema amevaa soksi za sufu. Mvua ikinyesha, kazi ya kuyaosha na kuyakausha ni yangu, na nikimaliza, mugongo unakataa kunyooka. Lakini akitoka mu zizi, kifua mbele, ardhi inatetemeka kidogo, na mimi natembea pembeni yake nikijisikia kama muke wa mwami.

Nilifikaje pale? Nilienda kufagia kwa bibi mumoja mujane, Mama Helen. Ukoo wa bwana wake ulizalisha hizi farasi tangu babu ya babu. Macho yake yanakufa. Siku moja aliniuliza kama najua kusoma, nikasema najua. Akanionyesha kitabu kizito, ngozi yake imepasuka, ndani kumeandikwa ukoo wa farasi zao zote: baba, mama, mama ya mama, rangi, doa la uso, aliuzwa wapi, alikufa namna gani. "Nisomee," akasema. "Sijayasikia haya majina tangu bwana wangu afe."

Basi kila siku, nikimaliza kufagia nyumba, na baadaye hata zizi, ninasoma. Nilijua namna gani wakati wa kupandisha ulipofika, farasi dume alikuwa anatembezwa kwa miguu, shamba kwa shamba, wiki nyingi, na muntu wa kumuongoza. Walichapa hata karatasi ndogo zenye ukoo wake, wanazigawanya sokoni, ili kila mwenye farasi jike ajue damu gani inakuja kwake. Halafu trakta zilifika, farasi nyingi zikapelekwa machinjioni. Ukoo wa Mama Helen ukakataa kumaliza zao.

Lakini nilimuuliza jambo moja: "Mama, yule muntu aliyetembea na farasi wiki zote, jina lake liko wapi?" Akafikiri. Akasema, "Sijui. Hawakuandika." Nikakukumbuka wewe, Papa. Ile ferme ya ngombe yenye Wabeleji waliacha kule kwetu, kwenye ulikuwa unachunga, mukubwa wa ferme alikuwa na daftari ya ngombe, na jina lako halikuwa ndani hata mara moja. Wakati yeye alikuwa anafungua daftari kutafuta, wewe ulikuwa umekwisha kumujibu bila karatasi.

Sasa sikia yaliyotokea.

Mwaka jana alikuja bwana mumoja, Alec, na farasi jike muzuri sana mu gari. Alikuwa amemununua mbali, alitaka apandwe na Duncan. Colin, mutoto wa kaka ya Mama Helen, yenye anatengeneza mambo ya shamba, alifurahi. Alec akasoma karatasi ya farasi wake kwa sauti kubwa: baba fulani, babu fulani, wote madume yenye sifa inchi nzima. Mama Helen anatabasamu tu. Colin akaniambia, "Mulete Duncan."

Nilikuwa nimekwisha kushika kamba. Halafu nikasimama, maana nilisikia sauti yako, Papa. Ulikuwa unasemaka ya kwamba wanaume wanauliza ngombe ndume tu, wanasahau mama. Nikajiona mutoto tena, nimeketi nyuma ya lupango ya zizi na bidon ya maziwa, na wewe unafundisha kaka zangu ukoo wa kila ngombe. Mimi ulikuwa umenifukuza. Ulisema mambo ya ndume si ya mutoto mwanamuke. Lakini lupango ilikuwa ya miti tu, Papa, sauti ilipita. Kaka Deo asikasirike, najua njo yeye anasoma hapa: yeye alikuwa ndani na alikuwa analala. Mimi nilikuwa inje na nilishika yote.

Nikauliza, "Bwana Alec, na mama yake ni nani?"

Akatazama karatasi. Maji yalikuwa yameingia pale chini. "Flora," akasema. "Namba haisomeki. Flora fulani wa kule magharibi."

Mama ya Duncan ni Flora. Niliisoma mimi mwenyewe mu kitabu, kwa maandiko ya marehemu bwana wa Mama Helen: mwaka wa ukame, majani yalikosa, Flora akauzwa magharibi.

Nikasema, "Tusiwapandishe. Naona hawa wawili ni wa tumbo moja."

Colin akageuka. "Espérance, Flora ni jina la kila shamba. Kazi yako ni kufagia zizi. Haya ya ukoo tuachie."

Alec naye akakasirika, alikuwa ametoka asubuhi mapema na njia ni ndefu. Nilifikiri: nikikosea, kesho sitakanyaga hapa tena, na watasema Mukongomani alitaka kufundisha wenyeji. Lakini nikakumbuka ile siku mukubwa wa ferme alikuamuru upandishe ngombe ndume na dada yake, na wewe ukafunga mulango wa zizi, ukasimama mbele yake mikono mitupu. Sikuachilia kamba.

"Mama Helen," nikasema, "ninakuomba. Waulize kwanza. Kama nimekosea, nitatoka mwenyewe."

Yule mama mwenye macho ya ukungu aligeuza uso kufuata sauti yangu. Halafu akasema, "Colin, piga simu."

Kuko ofisi yenye inachunga kitabu kikubwa cha hizi farasi kwa inchi nzima. Colin akapiga, akatoa jina la yule jike. Tulingoja. Mimi nilichana manyoya ya Duncan miguuni. Simu ikarudi. Colin alisikiliza, uso wake ukabadilika rangi. Akaweka simu chini, akasema polepole, "Ni Flora wetu."

Halafu Mama Helen akaomba apelekwe kwa yule jike. Nilimushika mukono. Akapapasa uso wake, toka masikio mupaka pua, kama vile muntu anapapasa uso wa mutoto wa dada yake yenye hajamuona. Machozi yalikuwa yanamutoka. "Nilifikiri Flora alikufa kule na njaa," akasema. "Kumbe alizaa."

Alec alivua kofia. Hasira ilikuwa imekwisha. Akaniuliza, "Wewe mwanamuke, nani alikufundisha?"

Nikajibu, "Papa yangu. Lakini yeye hajui kama alinifundisha."

Sasa unajua, Papa. Nilitaka ulisikie toka kwangu, si kwa watu.

Toka siku ile, Colin haniiti mufagiaji tena. Aliniomba samahani mbele ya shangazi yake, na si rahisi kwa muntu kama yeye. Kamba ya Duncan njo mimi naishika. Nilimupeleka kwa jike mwengine, damu yao haikutani hata ukirudi vizazi sita, nilihesabu mwenyewe. Miezi kumi na moja ikapita. Asubuhi moja, jua limekwisha kutoka, nilikuta jike amelala, mutoto anakuja na muguu mumoja umekunjika ndani. Daktari wa wanyama alikuwa mbali. Nilivua koti, nikapaka mukono mafuta, nikausukuma ule muguu nyuma, nikaushika kwato, nikaunyoosha, sawa vile ulikuwa unafanya na ngombe. Akatoka jike, rangi ya kahawia nyeusi, miguu minne myeupe. Saa moja haikuisha, akasimama kama meza mbovu, akaanguka, akasimama tena.

Mama Helen akasema jina nitatoa mimi. Nikamuita Bihogo, kwa ile rangi yake, vile wachungaji wa kwetu wanaita ngombe za rangi ile. Colin anakaza ulimi asubuhi yote na haliwezi. Na mu kile kitabu cha ngozi, chini ya majina ya mwaka huu, niliandika kwa mukono wangu: Bihogo, wa Duncan mutoto wa Flora. Halafu nikaweka mustari mumoja zaidi, wenye kitabu kile hakijawahi kuwa nao: jina la muntu aliyemuzalisha.

Papa, najua ngombe zako vita ilizikomba, na sikuandika haya ili nikutoneshe kidonda. Lakini ukoo wao haukukombwa, uko mu kichwa yako. Nimeandika huku yote nilishika nyuma ya lupango, kurasa tatu, nimeziweka mu hii bahasha. Pale nilikosea unikemee, pale pamebaki wazi umwambie kaka Deo aandike. Safari hii asilale.

Unisalimie Mama, umwambie nalima mboga nyuma ya nyumba na sungura wanakula mbele yangu. Unisalimie shangazi Furaha yenye alininyonyesha wakati Mama alikuwa mugonjwa, na bwana yake mukatekista. Unisalimie mama mukwe wangu kule Buleusa, kama muntu anapita njia ya Walikale: mutoto wake Innocent amenenepa, asisikilize malalamiko yake. Wajukuu wako wanakusalimia. Mukubwa anataka kujua kama kweli uliwahi kufukuza chui kwa kelele tu. Nilimwambia ndiyo, usinifanye muongo.

Bakia na amani, Papa, wewe na nyumba yote.

Ni mimi mutoto wako,
Espérance

N.B. Nilimusomea Mama Helen hii barua kwa luga yake. Alisikiliza mupaka mwisho, akaomba niongeze maneno yake, nayo ni haya: "Mwambie baba yako shamba hili nitaliacha kwa Colin, ni haki yake. Kitabu nimekwisha kumupa binti yake." Ile alama iliyopinda hapa chini si uchafu, Papa. Ni sahihi yake, aliiweka bila kuona.