Nafasi Kando ya Zeyana

Alhamisi, 16 Februari 1956

Leo wageni watatu wa Pangani. Nimewazungusha makaburini toka alasiri, kofia imelowa jasho. Nikaanza kwa Sharifu, kama adabu inavyotaka. Kisha kwa Bi Mwanamkasi, bingwa wa ngoma, aliyezikwa na mji mzima – hata mahasimu wake walikuja, wapate kuhakikisha. Mwisho kwa Akida Khalifa. Hapo nikawapa habari ya punda wake aliyekataa kupanda kivuko cha Pangani, na Akida, mtu mkubwa wa serikali ya Mdachi, akakaa naye ng'ambo mpaka punda alipojisikia. Kila nikiisimulia punda anazidi ukaidi. Leo alijilaza akajifanya maiti. Mgeni mmoja alicheka hadi akafuta macho, akasema huko Pangani kwenyewe hawaijui habari hii. Nami sishangai.

Walipokwenda zao nikabaki kwa Zeyana. Yuko hatua chache tu kutoka kwa babu yake Akida. Nikaunywesha mrehani maji, nikasoma Yasini, nikamweleza mke wangu bei ya nyuzi ilivyopanda. Halafu nikaitazama ile nafasi iliyo wazi kando yake. Siku tuliyomzika, Thuwaini kaka yake alinishika mkono mbele ya watu, udongo bado mbichi, akasema, "Hapa kando ni pako, shemeji. Hapaguswi." Fundi wa kanzu ana nini zaidi duniani? Cherehani moja, na hapo.

Jumamosi, 18 Februari

Thuwaini kaja barazani kwangu, mtaani Usagara, kakalia kitambaa cha mteja kama kawaida yake. Anataka kumjengea babu yao ukuta. Mbuzi wanalala juu ya Akida, anasema, na siku hizi wageni ni wengi, ni aibu. Nikamwambia wageni ni wengi kwa sababu yangu. Kabla yangu Akida alikuwa mawe mawili na majani. Akakubali. Kisha akasema kanzu yake niliyomshonea ya sikukuu ya Idi imefumuka kwapani msikitini, mbele ya Maalim. Mshono wangu unajulikana hadi Horohoro – hasa unapofumuka.

Ameniomba niwaonyeshe mafundi pa kupitisha kamba. Nani ajuaye zaidi yangu? Nimekubali kabla hajamaliza.

Jumatatu, 20 Februari

Siku njema. Nimepima ardhi kama mzungu wa serikali. Mwashi ni Laurenti, kijana wa watu wa mashamba ya mkonge, mkono wake mzuri. Yeye anashika kamba, mimi napiga vigingi. Nikasogeza kigingi cha mwisho mpaka Zeyana akaingia ndani, na nafasi yangu nayo ikaingia. Hata nikajinyoosha pale, nikajipima kwa fimbo, nione kama natosha. Natosha, nikikunja tumbo.

Thuwaini alikuwa anakitazama kigingi. Mara akasema, "Mbondei wewe, humu hulali. Wewe tutakupeleka kule kwenye majani ukawafukuze mbuzi."

Nikamjibu yeye atazikwa miguu nje, kwa urefu ule.

Laurenti akaacha kamba akauliza kama tumegombana. Kwao shemeji hatukanwi. Ikabidi nimweleze: huyu ni kaka wa mke wangu, akiniita bwana ndipo uogope. Tangu siku niliyooa hatujasemezana neno la maana. Alipofiwa na baba yake nilimwambia sasa urithi umeangukia mahali pabaya. Akacheka huku analia.

Alhamisi, 1 Machi

Ukuta unapanda. Nimewapelekea mafundi chai na mkate wa mofa. Nimesema uinuliwe zaidi ya kichwa, maana mbuzi wa Tanga wanaruka. Thuwaini alikuwepo.

"Unajitesa bure, Mbondei. Unajenga nyumba ya wenyewe."

Nikasema nyumba ya wenyewe ndimo nilimooa. Akatazama chini. Nilidhani nimemshinda kwa maneno. Nikarudi nyumbani nimefurahi.

Alhamisi, 8 Machi

Kuna mlango wa nondo. Kuna kufuli.

Nimekwenda na kopo langu la maji kama kila Alhamisi. Nikasukuma, haukufunguka. Nikadhani umekwama kwa rangi mbichi. Nikasukuma tena, rangi ikanishika kanzu. Zeyana nimemwona kupitia nondo. Mrehani umeinama kwa kiu. Nikajaribu kuyarusha maji – yakaishia njiani. Kuruka ukuta siwezi. Mimi mwenyewe nimeuinua.

Nikasoma Yasini nje, nimesimama, kama mtu aliyekuja kudai.

Ijumaa, 9 Machi

Baada ya sala nikamshika Thuwaini msikitini. Ufunguo uko kwa shangazi, akasema, akavaa viatu upesi, kimoja cha mtu mwingine.

Basi nikaenda kwa huyo shangazi, Bi Harusi kwa jina. Shangazi yao huyu ndiye aliyegoma kula siku ya harusi yetu. Amezeeka, amekuwa mdogo kama ndege. Nikamwamkia, shikamoo. Akaitikia vizuri, akaagiza kahawa na halua, akaniuliza hali ya macho yangu. Alipoanza na macho nikajua neno lililobaki ni baya.

"Uweso baba, kuzuru utazuru. Utatuma mtu, utafunguliwa. Hakuna atakayekunyima."

Nikamshukuru. Nikasema lakini siku yangu ikifika sitaweza kutuma mtu.

Akacheka kidogo. Halafu akasema ukuta ule ni wa ukoo. Wamekaa wakazungumza, wazee wote, wamekubaliana. Wasio wa nasaba hawamo. Si kwa ubaya.

"Thuwaini aliniahidi," nikasema. "Mbele ya watu."

"Thuwaini alikuwa na msiba. Mtu mwenye msiba huahidi." Akapanga vikombe. "Pale kando ya Zeyana ni pangu mimi. Mama yake alimwacha angali ananyonya. Nani alimbeba? Nani alikesha naye na surua? Wewe ulimpata ameshakuwa mtu. Umekaa naye, umefaidi. Sasa niachie mwanangu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kiburi. Kwa hilo sikujiandaa. Nikala halua. Nzuri mno, na ndilo lililoniudhi zaidi.

Jumamosi, 10 Machi

Nimemkuta Thuwaini ghalani kwake, anapanga nazi na wachukuzi. Nikamwomba tutoke nje. Hakufanya mzaha. Nikajua.

Nikamuuliza: baraza la wazee lilikaa lini? Kabla ya ukuta, akasema. Kabla ya vigingi. Kwa hiyo alinitazama nikipiga vigingi, nikijipima kwa fimbo, nikiwanywesha mafundi chai. Na muda wote huo alijua. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikwambia," akasema. "Nilikwambia humu hulali. Nikakwambia unajenga nyumba ya wenyewe. Laurenti shahidi."

"Uliniambia kwa utani."

"Na ningekwambiaje? Mimi na wewe tumepata kuzungumza vipi kwingine?"

Swali hilo linaniuma hadi saa hii. Ni kweli, hatuna njia nyingine. Miaka yote hii mlango wetu ni mmoja tu, wa mzaha, na humo humo ndimo alimopitisha kisu – akijua kwamba nitacheka. Akajiosha: amesema. Nami nikabaki mjinga: nimesikia.

Wachukuzi walikuwa wanatutazama. Nikamwambia, "Ahsante, Bwana Thuwaini."

Akashtuka kama nimempiga kofi.

Jumatano, 14 Machi

Nimekata kanzu yenye mikono miwili ya kushoto. Mteja ni mpole, kasema labda ataizoea.

Alhamisi, 15 Machi

Sikwenda.

Alhamisi, 22 Machi

Nimekwenda, sikutuma mtu. Nitume nani, nimwambie nini – nenda kaniombee ufunguo nikamwone mke wangu? Nikasimama nondoni. Wakapita watu wawili wa Mombasa wakaniuliza, mzee, hapa ndipo kwa Akida wa punda? Nikawaambia mimi mgeni hapa.

Jirani yangu Praxeda, mjane wa mkata mkonge, kaleta maziwa jioni, kaniona nilivyo. Nikamsimulia. Nilitaka anihurumie. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi Rafaeli wangu walimzika ukingoni mwa shamba. Mwaka wa pili wakapanua, wakapanda mkonge. Nikienda nasali upande ule wote, niupate hata mmoja ulio juu yake. Wewe unamwona, Bwana Uweso. Unamwona na majani yake."

Nikamwambia ni kweli. Akaondoka. Haikunipunguzia hata tone, na sasa nina huzuni yake pia.

Ijumaa, 30 Machi

Mimi na Thuwaini tumekutana njia ya sokoni. Tumeamkiana vizuri, tumeulizana hali za nyumbani. Tumeanza kuheshimiana. Balaa.

Jumanne, 3 Aprili

Thuwaini kaja barazani. Hakukalia kitambaa, alisimama. Akaniita Bwana Uweso.

Wanakuja wageni keshokutwa, jamaa zao wa Pangani na wengine wa Mombasa, wamzuru Akida kabla ya Ramadhani. Wameisikia habari ya punda. Wanataka kuisikia pale pale, kwa mwenyewe anayeisimulia.

"Bila wewe tutawaambia nini? Mimi hata sijui alikuwa dume au jike."

Jike, nikasema, kwa mazoea. Akataka kucheka, akajizuia. Nikamuuliza kama shangazi ameridhia niingie. Ameridhia, akasema, kwa ziara. Kwa ziara! Nikataka kumfukuza. Lakini nikaukumbuka mrehani, na siku zilizopita bila maji. Nikasema nitakuja.

Amekwenda, nami nimebaki najichukia, na huku napiga pasi kanzu nzuri.

Alhamisi, 5 Aprili

Naandika hapa hapa, ndani ya ukuta, nimekaa chini. Kitabu kiko gotini. Hati mbaya.

Wageni walikuwa wanane. Mlango ukafunguliwa, nikaingia nao kama mmoja wao. Kwanza nikaunywesha mrehani kopo zima, nikawaacha wangoje. Kisha ubani, kisha Fatiha, kisha punda. Punda alikwenda vizuri. Sijapata kuisimulia vizuri kama leo, najua, kwa sababu sikuwa na raha hata kidogo.

Tulipokuwa tunatoka, mzee mmoja wa Mombasa akaliashiria kaburi la Zeyana kwa bakora. "Na huyu hapa ni nani?"

Thuwaini akawahi. "Ni katika jamaa zetu. Dada yangu."

Wangeridhika na hilo. Walishaanza kugeuka. Nikasema, "Huyu ni mtu mashuhuri kuliko wote humu. Nimemchelewesha makusudi."

Wakarudi. Nikawasimulia. Siku ya kuozwa, Maalim alimuuliza nyuma ya pazia kama ameridhia. Wasichana wa nyumba kama hizi hunyamaza, na kimya chao ndiyo ridhaa yao. Nyumba nzima ikasubiri kimya. Kuna waliosubiri kwa matumaini kwamba atalia. Akasema kwa sauti iliyofika barabarani: "Nimeridhia, Maalim, na msinicheleweshe." Mji ulisema mwaka mzima. Waliwahi kumtungia hata wimbo wa kumcheka, naye akajifunza akawa anauimba akifua nguo.

Wazee wakacheka sana. Yule wa Mombasa akauliza, akitabasamu, "Na huyo mume aliyemkimbilia hivyo alikuwa nani? Mtu mkubwa?"

Nikasema, "Fundi wa kanzu. Hafai sana. Anazikwa hapa kando yake."

Kicheko kikafa. Si wote walioelewa, lakini walinitazama, wakamtazama Thuwaini, wakaitazama ile nafasi. Mmoja akasema amina – sijui alidhani ni dua. Thuwaini angeweza kukanusha. Watu wanane walikuwa wanamsikiliza, na shangazi yake anangoja habari zote na kahawa. Alisafisha koo tu.

Wamekwenda kwa Bi Harusi. Nawasikia bado huko njiani, wanabishana juu ya punda.

Mimi sikuinuka. Thuwaini akarudi peke yake, kufuli mkononi.

"Toka basi, nifunge."

"Funga," nikamwambia.

"Na wewe?"

"Mimi niko kwangu."

Akacheka. Kicheko chake kile cha zamani, cha tumboni, ambacho sijakisikia tangu kabla ya siku ile ya ghalani. "Mbondei wewe!" akasema, akangoja nami nicheke. Sikucheka. Nikafungua kitabu nikaanza kuandika.

Akaligeuza kufuli mkononi. Mvua imejikusanya upande wa Pangani na upepo unarusha majivu ya ubani. Mara akaniuliza, kwa sauti ndogo, "Shemeji. Unatania au unasema kweli?"

Sijamjibu. Ameketi kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Kufuli kalipakata mapajani. Hafungi wala haondoki. Ananitazama usoni, anatafuta ni lipi kati ya hayo mawili, na mara hii simsaidii.