Pipa la Molasi

Ha Rantelali,
Mokhotlong.
Jumapili, tarehe 2 Aprili

Kaka yangu Nkopane,

Nakusalimu wewe na wenzako wote wa hosteli ya mgodini, nikitumaini barua hii itakukuta uko juu ya ardhi, mzima, umeshakula, na kile kikohozi ulichokuja nacho Krismasi kimekuachia. Mama ni mzima kwa kiasi chake. Goti bado linamsumbua, ila ulimi hauna ugonjwa wowote. Leo asubuhi ameniambia napika ugali kama fundi anayekoroga saruji. Mimi mwili wangu ni mzima. Mengine utayasoma mwenyewe.

Barua hii nimempa dereva Tankiso akukabidhi mkononi. Najua utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Nimepanda mara tatu kule juu kwenye mtandao, na mara zote tatu nimeshuka bila kubonyeza namba yako. Tafadhali usiisome mbele ya watu.

Nianzie Januari, binamu yetu Seabata aliporudi kutoka kwenye yale mabanda meupe ya plastiki bondeni, ambako kampuni inalima bangi kwa kibali cha serikali. Walimfukuza kwa uchelewaji, lakini ukimsikia anavyosimulia utadhani yeye ndiye aliyewafukuza. Alikuja nyuma ya nyumba akaitazama bangi yetu, iliyosimama katikati ya mahindi vilevile kama alivyokuwa akiipanda marehemu baba, akacheka mpaka akajishika kiuno. Akaniuliza, "Tlalane, hii ni bangi au ni mboga ya mbuzi?" Akasema kule mabandani mmea ukishaanza kutoa maua hunyweshwa sukari, maji meusi matamu ya kwenye chupa, kila wiki, mpaka vichwa vya maua vinakuwa vizito na shina linainama lenyewe. Akasema, "Ua ni kama mjamzito, dada. Mpe vitamu uone atakavyonenepa."

Nilimcheka, lakini neno lake liliniingia. Baba yake Puseletso alikuwa ameshasema hamtoi binti yake kwa ng'ombe chini ya sita, na wewe kwa miaka tisa ya kuchimba chini ya ardhi ulikuwa umepata watano. Pasaka ndiyo ilikuwa mwisho wa subira yake, baada ya hapo amsikilize yule mwalimu wa Thaba-Tseka ambaye naye anamposa. Nikawaza, bangi ikizaa vizuri mwaka huu nitamnunua wa sita mimi, nimfunge zizini, nisikwambie. Uje Pasaka uhesabu, ukosee, uhesabu tena. Wewe ndiye uliyenilea baba alipofariki, na tangu hapo mimi ni mtu wa kupokea tu. Nilitaka mara moja maishani nikupe kitu.

Chupa kama za mabandani sikuziweza. Nikakumbuka magunia ya molasi uliyowaletea ng'ombe walambe wakati wa baridi, yale yenye picha ya fahali. Nikatia kidole mdomoni: tamu, na chumvi kwa mbali. Nikasema moyoni, kama inamnenepesha ng'ombe mzima, itashindwa na ua? Nikamimina nusu gunia kwenye lile pipa la bluu, nikajaza maji, nikakoroga, nikaacha yalale siku mbili kama Seabata alivyonielekeza, kisha nikanywesha mashina kwa kopo.

Wiki ya kwanza majani yalikolea kijani mpaka yakakaribia weusi, nami nikatembea kwa maringo. Wiki ya pili ncha zikaanza kujikunja. Ya tatu maua yakaacha kunenepa kabisa, yakawa yanachomoza majani tu, kisha ukungu wa kijivu ukaingia ndani yake. Nilipomwita Seabata atazame alisema, "Bado hayajashiba hayo, ongeza." Nikaongeza. Kaka, hakuna nilichovuna mwaka huu. Nimeing'oa yote.

Sasa nije kwenye ng'ombe. Uliyoyasikia kwa simu umeyasikia kwa Seabata, nami nakueleza nilivyoona. Tulikuwa tumewashusha mapema kutoka malisho ya mlimani ili wapate mwili kabla ya kupelekwa ukweni. Jumanne ile, yapata saa nne asubuhi, nilikuwa mtoni nafua. Nikasikia ng'ombe analia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mnyama. Nilipofika, wawili walikuwa chini, matumbo yamefura, povu linatoka, miguu inatetemeka. Mama alitoka mbio na goti lake hilohilo kwenda kuita watu.

Aliyefika wa kwanza ni mzee Phakoe. Jirani ambaye hatujasalimiana naye tangu ule ugomvi wake na baba juu ya malisho alikuja anakimbia, blanketi limemdondoka njiani, mkononi ana chupa ya siki. Unajua alichunga mashamba ya Makaburu kule Free State miaka thelathini. Aliuliza kama ng'ombe wamekula urea, ile chumvi ya mbolea, mahali popote. Alijibiwa kwamba nyumbani kwetu hakuna urea. Akatikisa kichwa, kisha akamkamata taya yule wa manjano, Tšehla, aliyekuwa bado amesimama, akammiminia siki karibu chupa nzima. Iliyobaki alimpa mmoja wa waliolala.

Wanaume walipoingia ndivyo walivyomkuta: adui wa marehemu baba, zizini mwetu, anammiminia ng'ombe kitu mdomoni. Seabata ndiye aliyepiga kelele, "Mnamwona? Mchana kweupe, mnamwona!" Kabla ya adhuhuri wanne walikuwa wamekufa. Tšehla alipona, na hata kupona kwake kukawa kosa la mzee. Walisema huyo aliitema sumu.

Kwa chifu mzee Phakoe alijitetea siku nzima. Alisema siki ni dawa, si sumu, akaomba wapasue tumbo la ng'ombe mmoja wanuse. Nani angemsikiliza? Seabata alikupigia akaweka simu kwenye spika, na kijiji kizima tukakusikia ukisema, "Nikija Pasaka nisimkute huyo mzee hapo." Najua ulimaanisha ahame. Wanaume sita walikuwa na maana yao. Walimvizia akirudi nyumbani, wakampiga fimbo mpaka taya likavunjika. Alilala zahanati siku kumi na mbili. Jumanne iliyopita alifariki, na jana tumemzika.

Usijilaumu kwa yale uliyosema, Nkopane. Uliambiwa uongo, na mwenye uongo ni mimi.

Lile pipa nililiacha wazi nyuma ya zizi siku ile, nikaenda kufua. Nilipofika mbio nililikuta limelala ubavuni, limelambwa, na ng'ombe wana molasi mpaka puani. Hapa kwetu hata mtoto mdogo anajua kwamba mvua ikinyesha unafunika beseni la molasi, maana ndani yake mna urea, na ikiyeyuka kwenye maji inaua. Nimefunika beseni hilo tangu nina miaka saba. Lakini kwangu hiyo ilikuwa sheria ya beseni na mvua. Wiki tatu nilikoroga maji yale kwa mkono wangu, na hata siku moja sikufikiri kwamba sheria ni ileile. Wala sikujua kwamba kitu hichohicho ndicho kilichokuwa kinaniharibia maua.

Mama alipokwenda kuita watu, ng'ombe wako wanakufa mbele yangu, mimi nililisuuza pipa, nikawafuta ng'ombe pua na kulificha gunia chini ya mabua. Mzee Phakoe alipouliza, aliniuliza mimi. Aliniambia, "Binti, sema upesi, siki ninayo moja tu. Kama ni urea nipite nyumba kwa nyumba niombe." Mama ana chupa mbili kwenye rafu. Duka lina katoni nzima. Nilimwambia hapana. Niliogopa utajua nilichofanya, nikaona ni afadhali wafe kwa ugonjwa kuliko wafe kwa mkono wangu. Kwa neno moja pengine wangepona wote.

Kwa chifu niliulizwa tena, mbele ya watu, nikasema, "Hapana, chifu, hatuna." Mzee akasema, "Basi, mwenye nyumba ameshasema." Akajifunga blanketi lake akakaa chini.

Nilimpelekea supu zahanati mara moja. Nikamnong'oneza yote sikioni. Aligeuza uso ukutani, na mpaka leo sijui kama alisikia au alikuwa usingizini.

Kuna jambo moja tena, na hili nalo ni juu ya mali yako. Mwanamume hazikwi bila ng'ombe, na mjane wake alikuwa na kondoo wawili tu. Ijumaa nilimswaga Tšehla mpaka mlangoni kwake nikamwambia, "Kaka ametuma." Yule mama alimshika ng'ombe shingo akalia, akakuombea kwa jina lako na kwa jina la baba yetu. Kwa hiyo zizi lako ni tupu, Nkopane. Huna hata mmoja.

Lakini sikiliza kilichotokea makaburini. Chifu alisimama akasema wewe umetufundisha utu, mtu ameua ng'ombe wako na wewe umemzika kwa ng'ombe wako wa mwisho. Wale waliompiga waliinamisha vichwa, kisha wakala nyama. Baba yake Puseletso alikuwepo. Alikula, akanawa, akamwambia Mama mbele ya watu kwamba mkwe mwenye moyo kama huo haokotwi njiani, na kwamba yuko tayari kukungojea mwaka mwingine. Mama alipiga vigelegele palepale, kaburi bado bichi.

Basi ndivyo mambo yalivyo. Nikinyamaza, unampata Puseletso, na mzee Phakoe anabaki mchawi wa ng'ombe, yeye na wajukuu zake. Nikisema, yeye anarudishiwa jina lake, na wewe unarudi kwa mikono mitupu, kwenye nyumba ambayo mdogo wako ameiaibisha. Nimelipima hili mpaka usingizi umenihama. Jumatano naenda kwa chifu. Nimemwomba Tankiso afike kwako kabla ya hapo, si kwa kukuomba ruhusa, ila nisingependa nawe ulisikie kwenye spika.

Sikuombi unisamehe. Ukija Pasaka ukataka niondoke, nitakuwa nimeshafunga blanketi langu.

Puseletso anakusalimu, alipita jana baada ya maziko akaniita wifi. Mama naye anakusalimu sana. Bado hajui kitu. Ameniagiza nikuandikie kwa herufi kubwa kwamba anaona FAHARI kukuzaa.

Ni mimi mdogo wako,
Tlalane