Vigingi Vyeupe Kwenye Kiota cha Korongo

Chuoni, Eldoret

Kwa Baba yangu mpendwa,

Kifua kinaendeleaje? Na Mama, bado mnagombana juu ya tumbako? Mimi mwili ni mzima, ila roho inaniuma, na nikikuficha wewe nitamwambia nani?

Wale korongo wenye taji la manjano niliokuandikia habari zao, waliotaga kwenye kinamasi nyuma ya bweni letu, sina vifaranga wao wa kukuhadithia. Najua ulikuwa unangoja. Tangu kinamasi cha kule nyumbani kikauke umekuwa ukiuliza kama utawahi kusikia sauti yao tena, na mimi na kiherehere changu nikakuahidi kwamba ukija mwezi wa nane utawaona na watoto wao.

Sisi wa klabu ya viumbe tulikuwa tukiwaangalia kila siku. Wanapokezana, Baba! Mmoja akienda kula kwenye mashamba upande wa mji mdogo wa Ziwa, mwenzake analalia mayai. Mwalimu wetu akasema tuzungushie kiota vigingi vya chokaa, wakata nyasi wasije wakapita hapo. Tukavipaka vizuri sana.

Kumbe mgeni wa heshima anakuja. Unajua mambo ya wageni hawa: nyasi zifyekwe zote, mawe yapakwe chokaa, miti ipakwe mpaka kiunoni, na lazima mgeni apande mti. Tukiwa darasani wafanyakazi wakaingia na slasha na majembe. Nilipotoka nikakuta kiota hakuna, shimo limechimbwa katikati ya vigingi vyetu, maganda ya mayai yamechanganyika na udongo. Nikapiga mayowe. Nyapara akavua kofia.

"Pole sana, dada. Tuliona chokaa, tukajua hapo ni pa mgeni."

Ningemlaumu vipi? Chuo kizima kilikuwa cheupe.

Kesho yake mgeni akapanda blugamu, mti unaokunywa maji kama ng'ombe, na sisi wa kwaya tukaimba. Machozi yakanitoka. Chebet, ninayelala naye chumba kimoja, akanifinya: "Futa macho wewe! Watasema una siasa." Nikafuta, nikapiga makofi.

Mwalimu wetu siku hizi anatufundisha kutoka kitabuni tu.

Mwambie Mama sweta imenitosha, baridi ya huku si mchezo. Nisalimie shangazi anayekuchungia mbuzi, na kaka yangu mkubwa na mkewe.

Baba, ile safari ya mwezi wa nane usiipange tena. Korongo wangali hapa, lakini hutapenda kuwaona. Wanauzunguka ule mti mchana kutwa, wanainama, wanatazama chini, wanalia. Mkuu wa chuo amesema mti wa mgeni ukikauka kuna watu watajieleza, na zamu ya kuumwagilia amenipa mimi. Kila asubuhi nakwenda na ndoo, na wao wananipisha.

Ni mimi binti yako, nikikuombea kifua kipoe,
Wambui