Kava la Rejeta ya Baba Mkwe

Jumamosi, 2 Machi

Nimeharibu. Naandika hapa kwa sababu hakuna binadamu wa kumwambia.

Niliipeleka pikipiki ya baba mkwe kuoshwa kwa mashine ya presha. Muoshaji akauliza, nguvu ya kawaida? Nikasema ongeza, hilo ni tope la wiki nzima. Akaongeza. Tope likatoka — na rejeta ikaumia! Vile vibati vyembamba vya mbele, vinavyopitisha upepo wa kupoza injini, vimelala chali, eneo la kiganja kizima. Haivuji. Lakini hata kipofu ataona.

Na baba mkwe ni mkaguzi wa magari mstaafu. Siku ya posa alikagua soli za viatu vyangu. Pikipiki aliniachia miezi mitatu iliyopita, alipoanguka nayo akapasuliwa goti, nami naizungukia mitaani kusoma mita za maji. Mama mkwe alishatoa amri mbele yetu wote: alama moja mpya kwenye chombo hicho, kinauzwa. Hana mzaha yule mama. Wanakuja Jumapili ijayo, mzee aione pikipiki yake.

Mke wangu sijamwambia. Yeye na mama yake hawafichani kitu.

Jumatatu, 4 Machi

Nimejaribu kunyoosha vibati kwa kibanio cha nywele cha mke wangu. Kumi na kimoja vimesimama, viwili vimekatika. Nimeacha kabla sijatoboa kitu.

Fundi wa pale kona ya ofisini ameinama, ameangalia, amesema injini haitadhurika, niendeshe tu. Nikamwambia tatizo si injini, tatizo ni ukweni. Akanipa pole ya dhati. Naye ameoa.

Halafu nikaliona! Dukani kwa muuza spea, linaning'inia ukutani. Kava la rejeta, jeusi, lina matundu madogo madogo kama chujio. Linafunika kila kitu. Nikauliza, litaingia kwenye pikipiki yangu? Muuzaji akasema linaingia pikipiki zote. Hapo ningeshtuka, lakini nilishalikumbatia.

Jumatano, 6 Machi

Kazi ya nusu saa, nimeikalia kuanzia saa tisa mpaka jua linazama.

Maelekezo hayana neno hata moja. Ni picha ya mwanamume anayetabasamu, ameshika bisibisi. Matundu ya kufungia ni manne. Matatu yamekubali, la nne limepitiliza upana wa kidole. Nimelichonga kwa tupa. Kisha honi ikagoma kupisha, nikaihamishia pembeni. Boliti zilizokuja na kava ni ndefu mno, ningezikaza zingetoboa rejeta yenyewe, na hapo ningehama nchi. Nikatafuta fupi kwenye kopo langu la makorokoro. Washa mbili, zile pete za chuma za boliti, zimebaki. Za nini? Yule wa kwenye picha bado anatabasamu.

Mke wangu akaja na kiti, akakaa kunitazama. Akauliza kwa nini nisimwite fundi. Nikasema fundi naye ana mikono miwili tu. Akasema hakujua kama nampenda baba yake kiasi hiki, mpaka naipamba pikipiki yake. Macho yalimlowa. Jamani! Nilijiona mdogo kabisa. Nikajifanya natafuta spana chini ya meza.

Nilipotaka kubandua nailoni iliyolifunika kava, akanizuia. Acha, Baba aje alikute jipya. Nikaona ni kweli. Makochi yetu yana nailoni zake tangu harusi, na rimoti pia, na hakuna aliyekufa.

Alhamisi, 7 Machi

Imechemka! Njia panda, katikati ya magari. Kwanza taa nyekundu ya joto, kisha mvuke kutoka kwenye magoti yangu. Dereva wa lori akaniuliza kama chai iko tayari. Nikaisukuma mpaka kwa fundi, shati limenigandia.

Fundi akachuchumaa. Akaigusa ile nailoni kwa kidole kimoja. Akaenda kumwita fundi mwenzake, naye akachuchumaa. Ndipo akaniuliza, kwa upole kabisa — bwana, upepo ulitaka upitie wapi?

Nimebandua. Injini iko salama. Heshima yangu kwa mafundi wawili imekwisha.

Tena honi inagusa kava. Nikiipiga, kava zima linatetemeka na kulia kama sufuria iliyoanguka. Watu wanapisha haraka zaidi, si haba.

Ijumaa, 8 Machi

Mke wangu ameikuta nailoni kwenye mfuko wa suruali. Ameiosha. Anauliza itarudishwaje.

Jumamosi, 9 Machi

Mke wangu alimsimulia mama yake habari ya kava kwa simu, mama akamsimulia mzee, mzee akataka kuongea na mimi. Akauliza, Bwana Mita — ndiyo jina alilonipa — umefunga mwenyewe? Nikasema ndiyo, mzee. Boliti umekaza kwa mpangilio gani? Nikasema kwa zamu, kushoto na kulia. Akasema haya, atakuja na tochi yake.

Tochi!

Nimefikiria kukiri. Nimejaribu mbele ya kioo: Baba, kuna jambo. Sura ilikuwa ya mtu aliyeiba kuku. Ukweli ni kwamba naipenda ile pikipiki, lakini zaidi naipenda ile asubuhi aliponipa funguo bila kunihubiria. Siku ile hakunikagua. Sitaki hilo lipotee. Basi nitakiri kesho, wakishakula. Au wakishaondoka, kwa simu.

Jumapili, 10 Machi

Wamefika saa nne. Mzee anatembea kwa fimbo, lakini hakuingia hata ndani. Shikamoo yangu aliipokelea uani, macho yako kwenye pikipiki. Akaizunguka mara mbili. Mama mkwe akaligonga kava kwa pete yake, akasema kumbe binti yake hakukosea kuchagua.

Kisha mzee akachuchumaa — na goti lile! — akamulika kwenye matundu. Akakaa hapo muda mrefu mno. Akaomba spana namba kumi. Mama mkwe akashangaa, kitu kipya unakifungulia nini? Akajibu anaangalia ukazaji tu. Akamtuma mke wangu chai. Mama akaambiwa akatazame mapazia mapya. Tukabaki wawili, kava limeachia upande mmoja, kidole cha mzee kiko juu ya vibati vilivyolala. Nikaanza, "Baba, kuna jambo —"

Akanishika mkono. "Nyamaza, mwanangu. Najua ulichokiona."

Mwanangu! Miaka minne, mara ya kwanza.

Akatazama mlangoni, akanong'ona. Kwamba siku ile hakuteleza kwenye kokoto kama alivyowaeleza. Alikuwa anajaribu kusimama juu ya vikanyagio huku inakwenda, aone kama bado anaweza. Akaingia mzima mzima kwenye michongoma ya jirani, na anaamini ndiyo iliyovilaza vile vibati. Tangu hapo hana usingizi, akijua iko siku mkewe atainama aione rejeta. "Na wewe ukaona, ukanyamaza, ukanunua kava. Umenisitiri." Machozi yalikuwa yanamtoka.

Rejeta ile niliipokea bila mkwaruzo. Niliifuta kwa mikono yangu siku ya kwanza! Nikafungua kinywa niseme. Nikasema, "Usijali, Baba."

Hapo mama mkwe akatokea. Mbona mnanong'ona? Kuna nini nyuma ya hilo kava? Akavuta kiti, naye anataka kuona. Nikasema ngoja nilete kitambaa cha kufutia, nikakimbilia chumbani. Ndipo nilipo. Kitambaa kiko mkononi tangu muda ule.

Nasikia kila kitu dirishani. Mzee anadai boliti zimeshika kutu. Mama anasema lete hiyo spana. Chuma kinagonga sakafu. Kava hilo.

Mama anauliza, na jirani bila shaka anasikia, ni nani kafanya hivi.

Mzee amesema, "Ni mimi. Kijana hana kosa."

Kijana hana kosa! Nimefika mlangoni mara mbili, na mara mbili nimerudi hapa kuandika.