Injini Ngeni kwenye Gari la Baba

Hartford City, Indiana
20 Septemba 1998

Mpendwa mdogo wangu Galen,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe, wifi yangu Tammy na mapacha mko wazima huko Alaska, na kwamba baridi haijaanza kuwatesa. Sisi tunapumua. Mvua ya Julai ilikuja kwa wakati, mahindi yamesimama vizuri mpaka barabarani. Kanisani tumeletewa mchungaji mpya kutoka Ohio. Anahubiri kwa ufupi, na wazee wanamlalamikia kwa hilo hilo.

Habari ya Baba nitaifikia. Kwanza nikueleze ya gari, maana siku ile ulikata simu sijamaliza.

Unajua lile gari la kijani lilivyo kwake. Hata Mama hakuruhusiwa kuweka mkoba juu ya boneti. Miaka ishirini na minane amemwambia kila mtu kwamba hakijabadilishwa kitu tangu litoke kiwandani Novemba 1969. Basi Julai hii tulilipeleka kwenye maonyesho ya chama chao, na safari hii waliita mkaguzi kutoka nje, mama mmoja aitwaye Rosalie Tubbs, mwenye tochi, kioo kidogo cha mkononi na adabu nyingi.

Alisoma namba ya chesisi kupitia kioo cha mbele, akaiandika. Akainama kwenye injini, akapangusa grisi kwa kitambaa, akasoma namba iliyogongwa pale. Akarudi kwenye kioo cha mbele. Akaenda tena kwenye injini. Baba akamwuliza, "Vipi mama, umeipenda?"

"Mzee Zehring," akasema, "namba hizi zilitakiwa kufanana, na hazifanani. Halafu tazama tarehe hii iliyo kwenye chuma chenyewe. Aprili 1971. Injini hii ilitengenezwa gari lako likiwa na mwaka na nusu barabarani."

Gia boksi nayo ilikuwa na namba za gari jingine. Akaingiza kioo chini ya fenda ya kushoto, na kwa ndani rangi ilikuwa nyekundu. Kabureta, ekseli, milango, hivyo alisema ni vya gari lenyewe. Hakuna aliyemsikiliza tena. Wendell Sprague, ambaye Baba amemshinda miaka sita mfululizo, alipaza sauti, "Harlan! Kumbe bibi harusi ana meno ya bandia!" Watu wakacheka mpaka wa kwenye vibanda vya soseji wakaja kuuliza kuna nini.

Baba alimgeukia mume wangu.

"Ni wewe tu unayefungua boneti hii zaidi yangu. Injini yangu umemuuzia nani?"

"Sijaiuza, Mzee," Delbert akasema.

"Iko wapi?"

Delbert alikuwa ameshika glasi ya karatasi yenye maji ya limau, akaendelea kuishika hivyo hivyo.

"Mwizi," Baba akasema mbele ya wote. "Nilikupa binti yangu, ukaona haitoshi."

Mji wetu unaujua. Ndani ya wiki mbili gereji ya Delbert ilikuwa tupu. Mtu aliyefanyiwa kazi miaka kumi na tano alikuja kuchukua gari lake likiwa bado halijatengenezwa, akalivuta kwa mnyororo.

Ndipo nilipokupigia, nikakuuliza kama unajua lolote. Uliniambia, "Mambo ya zamani siyakumbuki, Lavonne. Muulize mumeo." Kisha ukasema chakula kinaungua.

Nikamuuliza mume wangu, kama ulivyonielekeza. Hakusema. Galen, nilimtupia nguo zake uani. Nilimwita kwa jina lile lile alilomwita Baba, majirani wakisikia. Aliokota mashati yake moja moja, akayaweka kwenye kiti cha pikapu, kisha akaniambia, "Panda, nikuonyeshe."

Tulikwenda kwenye ghala la marehemu kaka yake. Akavuta turubai. Chini yake kulikuwa na bloku ya injini yenye tundu ubavuni, ngumi yangu inaingia. Namba zilikuwa za Baba. Pembeni ilikuwepo fenda ya kijani, imekunjika kama karatasi.

Huko ndiko alikonieleza ya wiki ile Mama alipofanyiwa upasuaji Indianapolis, na sote tuko hospitali isipokuwa wewe. Jinsi ulivyolitoa gari ukashindane barabara ya machimbo. Jinsi ulivyokuja mlangoni kwake unalia, unasema Baba atakuua. Yeye wakati ule alikuwa bado ananichumbia, akaona anamsaidia shemeji. Siku tatu hakulala, akahamisha injini, gia boksi na fenda kutoka gari jekundu lililogongwa. Ukamwapisha asiseme. Hakusema, hata nilipokuwa nikimtupia nguo.

Nilimpeleka Baba ghalani siku ya pili yake. Aliigusa ile namba kwa kidole, muda mrefu.

"Nani kaipasua?"

"Galen, Baba."

"Galen hawezi. Yule ni mwanangu. Huyu kaipasua, kaificha, sasa anamsingizia asiyekuwepo."

Alisema hivyo Delbert akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwake.

Agosti tarehe kumi na moja Baba alipatwa na kiharusi. Upande wote wa kulia umekufa. Tumemleta kwetu, yuko chumba cha mbele. Mimi simwezi kwa uzito, hivyo Delbert ndiye anayembeba kutoka kitandani hadi kwenye kiti, na kumpeleka chooni. Na kila akibebwa, Baba husema kwa ulimi ule mzito, "Lavonne, nichunguzie mifuko." Delbert anamweka chini taratibu, anamfunika magoti.

Daktari hadhani atafika Krismasi. Sikuombi uje. Namba ya simu ni ile ile, na masikio yake bado mazima.

Kila asubuhi anauliza kama umepiga. Wiki za kwanza nilimdanganya. Nilisema umepiga, unamsalimu sana, unasikitika, naye alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Tangu Jumatatu nimeacha. Namwambia hapana. Anageuza uso ukutani, nami namfuta mate, naendelea kumlisha uji wa shayiri.

Msalimie Tammy, uwabusu mapacha kwa niaba yangu. Shangazi Eunice anakusalimu, na Delbert pia. Nilimwuliza kama ana neno la kukuandikia, akasema nikusalimu tu.

Mungu akulinde huko uliko, na akupe usingizi.

Dada yako, ambaye bado anakupenda,
Lavonne