Riziki na safu yangu ya makosa

Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Mvua imekatika sasa hivi, bati bado zinadondosha maji, na upande wa Sake mizinga ya vita imenyamaza tangu adhuhuri. Leo nina furaha na nina aibu, vyote pamoja. Acha niandike kabla aibu haijapoa.

Munaonisoma munajua kazi yangu. Mimi ni prof, mwalimu wa mazoezi kwenye shule moja ya hapa Majengo, na asubuhi kabla ya masomo namusaidia kocha wa klabu yetu ya mbio. Kocha anashika krono, saa ya kuhesabia mbio, mimi napima. Baba yangu alikuwa fundi wa nguo, akaniachia mita yake ya kupimia na kichwa chake kigumu. Tunamwaga mchanga mweusi wa volkano kwenye njia, tunausawazisha kwa fagio, mutu anapita akikimbia, halafu napiga magoti na kupima nyayo zake.

Kwenye kaye yangu, daftari la vipimo, kila mukimbiaji ana mstari wake: urefu wa mguu, urefu wa hatua, na aina yake. Kuna wa kisigino, ambao kisigino ndicho kinatua kwanza. Kuna wa wayo mzima. Kuna wa vidole, ambao kisigino chao karibu hakigusi chini. Safu ya mwisho niliichora mwenyewe kwa kalamu nyekundu: Makosa. Sheria ya kocha ni kwamba mwenye makosa zaidi ya matatu haingii ekipe, timu ya mashindano, mpaka arekebishwe.

Niliipenda sana hiyo safu.

Majuma mawili yaliyopita nilikwenda kambini Mugunga, kwa watu waliokimbia vita, kutafuta wakimbiaji wapya, mita shingoni, kaye mkononi. Ujinga wangu huo. Nilipomupima mguu mutu wa kwanza, nyuma yake walishasimama kumi. Nilipofika kwa wa tano, mstari ulikuwa umefika kwenye mabomba ya maji. Kambini watu wanajua: mwenye kaye amekuja kugawa kitu, na akipima miguu, ni viatu. Mama mumoja aliniletea watoto wake wanne, wote amewaosha miguu na kuwapaka mafuta. Nilipomwambia sina viatu, napima tu, aliniangalia kwa huruma.

"Uko napima bure, prof?"

Mstari ukaisha papo hapo. Akabaki musichana mumoja wa miaka kumi na tisa, Riziki, aliyevaa kandambili za plastiki. Alisema kama nimeshamupima mguu, basi nimuone anakimbia pia. Nikamuona, na sikuamini krono ya simu yangu. Siku iliyofuata alikuja kwa miguu mpaka uwanjani kwetu, na hajakosa asubuhi hata moja.

Lakini kaye ni kaye. Shingo imeinama mbele: kosa la kwanza. Mikono haiyumbi, imekunjwa juu karibu na masikio: la pili. Hatua fupi: la tatu. Magoti hayapandi: la nne. Na ekipe ya wanawake ina nafasi moja tu iliyobaki. Watakaoingia watapewa viatu vya kukimbilia, na orodha inafungwa kesho asubuhi.

Basi nikamurekebisha. Siku kumi nilimushusha mikono, nikamurefusha hatua, nikamunyoosha shingo. Alitii kila kitu. Akawa anapendeza kumtazama, kweli, ungempiga foto ukaweka kwenye kitabu. Na kila siku alizidi kuchelewa. Visigino vikaanza kumuvimba kwa haya mawe yetu ya moto uliopoa, na mimi nikawa namwambia avumilie, atazoea.

Leo asubuhi, kabla ya kuanza, akaniuliza taratibu, kama mutu anayeuliza apikie chungu gani:

"Prof, leo nikimbie ya kwako ao ya kwangu?"

Nikamwambia, ya kwako.

Mikono ikapanda masikioni. Shingo ikainama. Akazunguka mara sita, akawapita wawili ambao majina yao yako tayari kwenye ekipe, naye akiwa na kandambili zake. Mimi niliangalia mchanga. Nikapima hatua zake za mzunguko wa kwanza, nikapima za mzunguko wa sita, nikarudia maana sikuiamini mita ya baba. Tofauti haikufika upana wa ukucha. Wengine wote kwenye kaye yangu wanaanza na hatua ndefu na kumaliza na fupi. Huyu amechoka na hatua yake haijui.

Nikamuuliza nani alimufundisha kushika mikono vile.

"Kamba njo ilinifundisha, prof. Ya kubebea."

Kwao, milima ya Masisi, mzigo unakaa mgongoni na kamba inapita kwenye paji la uso. Mikono inashika kamba karibu na masikio ili shingo isivunjike. Siku risasi zilipofika kijijini kwao alikimbia hivyo, gunia la maharage mgongoni, hatua fupi ili mzigo usimuyumbishe, akateremka mpaka Sake. Wengi walitupa mizigo njiani, na nani atawalaumu? Yeye alifika na gunia. Maharage hayo ndiyo mama yake na wadogo zake walikula mwezi wa kwanza kambini.

Na mimi mikono hiyo nimeiandika kuwa kosa la pili, kwa wino mwekundu.

Mdharau mwiba mguu huota tende, baba alikuwa akituambia. Nimekaa hapa na kaye, nimeipiga mstari wa kuifuta ile safu yote, kuanzia jina la kwanza mpaka la mwisho. Nilifikiri niandike badala yake kila mutu ametoka wapi, nikaacha. Hapa kwetu orodha ya namna hiyo haijawahi kumuletea mutu heri. Nimeongeza aina ya nne tu: wa kamba. Chini yake kuna jina moja, na ninamuonea fahari kama nimemuzaa.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitamwambia kocha kwamba kaye ndiyo iliyokosa. Atakunja uso. Muzee yule hapendi kubadilishiwa, na huenda nikarudi nyumbani bila kazi ya asubuhi. Nitamuomba asimame kwenye mchanga aangalie mwenyewe.

Akikubali, ataniuliza namba ya kiatu. Ninayo tangu siku ile ya mstari wa Mugunga. Thelathini na nane.