Waya za Mlingoti wa Hajji

Jumanne, 15 Julai 2025
Binti yangu amepata kazi ya meli! Sawa, ni mashua ya tanga, ya Hajji Nasrudin, iko Majanji. Lakini ndani ina kitanda na jiko, kwa hiyo mimi naita meli. Hajji ameuza malori, sasa anataka kuzunguka ziwa mpaka Mwanza. Waya zinazoshika mlingoti zilikazwa kwa kamba, ovyo, kama gunia la mkaa kwenye baiskeli. Anataka vyuma vya skrubu, vile unavyozungusha waya ikakaza. Mafundi wa Busia walitazama juu, wakakuna vichwa, wakaenda. Phiona wangu, fundi baiskeli, akamwambia hii ni rimu tu, Hajji, na hizo ni spoki zake.
Nilimzaa mimi.

Alhamisi, 17 Julai
Nimempelekea Phiona chakula. Anakaza kulia nusu mzunguko, kushoto nusu mzunguko. Halafu anagonga waya kwa kidole na kusikiliza — kama daktari! Anasema ukikaza upande mmoja tu, mlingoti unapinda. Nimeelewa kila kitu.
Jumatatu wanajaribu. Kazi ikifaulu, Hajji anamchukua Phiona mpaka Mwanza, awe fundi wa chombo. Isipofaulu, anamwita fundi Herbert wa Tororo, mtoto wa Prossy wa kanisani kwetu.

Jumapili, 20 Julai
Kanisani sikujisifu. Nilisema mara moja tu, wakati wa matangazo. Halafu nje, kwa waliochelewa. Prossy akasema mnyoosha rimu atamzamisha mzee wa watu. Nimemwalika aje aone kwa macho yake.

Jumatatu, 21 Julai
Naandika nikiwa nimekaa ufukweni.
Tulitoka vizuri. Upepo ulitoka kulia, chombo kikalalia kushoto kidogo, Phiona kwenye usukani, mimi na Prossy tumekaa upande wa kushoto kama mabibi wa mkuu wa wilaya. Prossy akaniinamia.
"Dada, hii waya ya binti yako mbona inacheza kama kamba ya kuanikia nguo?"
Nikatazama. Kweli! Za kulia zimekaza kama ngoma, ya kushoto imelegea. Aibu ikanipanda mpaka masikioni. Pini za kufungia vile vyuma visizunguke zilikuwa bado hazijatiwa, Phiona alisema tujaribu kwanza. Nikatandaza leso juu ya chuma cha waya ile, nikaingiza mkono chini yake, nikazungusha. Laini kabisa, kina grisi mpya. Nikazungusha mpaka waya ikatulia. Nikamuuliza Prossy, inacheza wapi?
Halafu Hajji akataka kugeuza. Upepo ukahamia upande wetu. Waya yangu ikalia kama mbuzi, mlingoti ukapinda. Phiona akashusha tanga. Tumerudi kwa mota.
Sasa Prossy yuko pale na simu, anamtafuta Herbert. Hajji anaongea kwa upole, jambo ambalo ni baya zaidi. Anasema labda baiskeli ni baiskeli na ziwa ni ziwa. Phiona anamweleza kwamba waya iliyo upande wa pili wa upepo lazima ilegee, ndivyo inavyotakiwa. Hilo mbona hakuniambia Alhamisi? Amehesabu nyuzi za skrubu. Ya kushoto imeingia mizunguko minane zaidi, na yeye hakuigusa.
Amekuja. Amesimama mbele yangu.
"Mama, nionyeshe mikono."
Nimemwambia asubiri, naandika. Ukurasa wote umejaa alama za vidole vyangu vyenye grisi. Hajji naye anakuja huku, polepole...